Gundi ya Mzee Soli

Mtaa mzima ulimwita fundi viatu huyu Mzee Soli, na kiburi chake kilikuwa kimoja tu: gundi. Kibanda chake kilinuka gundi, vidole vyake viliota maganda ya gundi, na mkewe alikuwa akisema kwamba enzi za uchumba alimnusa kabla ya kumwona. Mteja akiuliza, "Itashika mpaka lini?" jibu lilikuwa lile lile, tena kwa sauti ya hakimu: "Mpaka ichoke."

Basi asubuhi moja, kiatu cha watu kikiwa mapajani, Mzee Soli akatapika damu. Si matone mawili matatu, ni beseni. Lo! Mkewe, aliyekuwa akiuza mitumba kibanda cha pili, alifika mbio akamkuta bado kang'ang'ania brashi. Wakamkimbiza hospitali.

Huko aliongezewa damu, akapewa dawa ya kuituliza, kisha wakampitishia mdomoni mpira mwembamba wenye kamera. Daktari, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya upole, akaja kitandani kueleza. Kichocho cha utotoni, kile cha kuogelea kwenye madimbwi, kilikuwa kimeliharibu ini kimya kimya. Damu ikakosa njia, ikajazana kwenye mishipa ya tumbo, mishipa ikavimba, na mmoja ukapasuka. Kwa sasa umetulia, lakini ukifumuka tena huenda wasiwahi.

"Kwa hiyo leo hii tunarudi na kamera," akasema, "tunauchoma sindano ule mshipa, tunaujaza gundi."

"Gundi!" Mzee Soli, ambaye tangu alazwe hakuwa na nguvu hata ya kufukuza nzi, akaketi. "Daktari, samahani sana, gundi haishiki penye majimaji! Unapiga msasa, unakausha, unapaka, unasubiri, ndipo unabandika. Humu ndani ni damu tupu. Msasa mtaupigia wapi?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka akashika mshono wake.

"Jirani yangu kule mtaani mishipa yake ilifungwa kwa mipira," Mzee Soli akaendelea. "Na mimi nifungeni mipira."

"Huyo bila shaka mishipa yake ilikuwa kooni, kwenye njia ya chakula. Wako uko tumboni, tena mnene. Mpira unaweza kuchomoka ukaacha kidonda kinachovuja. Na gundi hii si ya viatu, Mzee. Yenyewe ikigusa damu ndipo inaganda."

"Sitaki." Akajifunika shuka gubigubi. Mtu angedhani ni ubishi, maana ubishi alikuwa nao wa kugawa. Kumbe alikuwa anaogopa, anaogopa vibaya sana.

Mkewe akalivuta lile shuka. "Wewe mwanaume wewe! Miaka yote watu wanakuachia viatu vyao, wanakaa peku wanakusubiri, nani amewahi kukuuliza msasa umepiga wapi? Nakupenda, baba. Usiniache kwa sababu ya ubishi."

Neno hilo hakuwahi kumwambia mbele za watu. Mzee Soli akageukia ukuta.

"Itashika mpaka lini?" akauliza kwa sauti ndogo.

Daktari akavua kiatu chake cha kulia, akakigeuza. Mzee Soli alikitambua hata kabla hajakishika. Ilikuwa kazi ya mkono wake.

"Nilikuuliza hivyo hivyo," akasema daktari. "Ukaniambia mpaka ichoke. Nikakutukana moyoni njia nzima."

"Na imeshika?"

"Nasimama juu yake kila siku. Siwezi kukuapia, Mzee. Mara chache gundi husafiri ikafika kwenye mapafu, na pengine mshipa hufumuka tena. Ila mimi sikuachi hivi hivi. Utarudi nikutazame, na ikibidi nitarudia."

Mzee Soli akaiminya soli kwa dole gumba, akainusa, akamrudishia mwenyewe kiatu chake.

"Haya. Nipelekeni."

Mwezi uliofuata kamera ikapita tena, ikaukuta mshipa mgumu kama jiwe. Mzee Soli akarudi kibandani, akakuta mkewe amemwekea mto kwenye kiti, na ajabu, hakubisha. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mwenye kiatu kilichoachama mdomo. Akauliza swali lile lile.

Mzee Soli akafungua kinywa. Kibanda cha pili, mkewe akaacha kukunja nguo.

"Sijui, mwalimu," akasema. "Rudi mwezi ujao nikutazame."