Mashine Isiyo na Ndugu

Katika Zaïre ya ujana wangu, kila mlango ulifunguliwa na mtu anayemjua mtu. Kwa hiyo tuliposikia kwamba mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari unasahihishwa na ordinateri, yaani kompyuta, huko Kinshasa, baba yangu alifurahi kuliko wote.

"Mashini haiko na ndugu," alisema. "Haiombe matabishi, haiombe rushwa."

Dada yangu, aliyenitangulia darasa moja, ndiye aliyekuwa akifanya mtihani. Alikuwa mkali wa hesabu kiasi kwamba binti wa jirani, mwanafunzi mwenzake, alijifunza aljebra kwetu, pale Bagira. Mama alinunua kopo la poda mapema, maana anayefaulu humwagiwa poda kichwani na kuzungushwa mtaani kwa nyimbo.

Redio ilisoma majina ya waliofaulu. La binti wa jirani lilisomwa. La dada halikusomwa. Mama alingoja hadi tangazo lote likaisha, akachukua kopo, akavuka ua, akammwagia binti wa jirani poda yote.

Baba alikuwa na kipaji cha ubishi. Aliwahi kupanda hadi shuleni kwa ajili ya sifuri yangu ya Kifaransa, akarudi na nusu pointi. Safari hii nilimfuata hadi kwa mkuu wa shule.

"Citoyen, si sisi tulisahihisha," mkuu alisema, akimwita "mwananchi" kama ilivyokuwa desturi wakati ule. "Ni ordinateri."

"Basi niongee na ule mwenye kuitumikisha."

"Huyo hamujue mutoto wako."

"Ndiyo maana nataka amujue."

Mkuu alicheka. "Papa, si wewe ulikuwa unaisifu? Haiko na ndugu."

Baba akageuka, akatoka bila hata nusu pointi. Sikuwahi kuona jambo hilo. Kama mashine ilikosea, au dada alijaza vibaya karatasi ya majibu, au alianguka tu kama watu wanavyoanguka, hatukujua, na hapakuwa na wa kutuambia.

Nyumbani baba alimsihi dada arudie mwaka.

"Kama ni mwalimu aliniangusha, ningerudia, nimupatishe haya mbele ya watu," dada alisema. "Mashini nitaipatisha haya namna gani?"

Akaenda kuuza mafuta ya mawese sokoni Kadutu.

Mwaka uliofuata ordinateri ilinipitisha mimi, mtu wa kuhesabu kwa vidole. Kusema kwamba ilimkosea dada kungenilazimu kuuliza kama haikunikosea mimi pia, kwa upande mtamu. Nikachukua cheti changu, nikaenda chuo kikuu, nikawa narudi likizo na maneno makubwa kuhusu sayansi.

Jioni moja nilikuwa nahangaika na zoezi la takwimu mezani. Dada akaja na sahani ya bugali. Aliinama, macho yake yakasimama kwenye mstari niliokosea. Niliona kabisa yakisimama. Nilisubiri anitukane.

"Toa vitabu," alisema. "Bugali inapoa."