Watoto Kumi na Wawili

Nilikuwa nafundisha madrasa katika kijiji kimoja kando ya reli, saa moja kwa baiskeli kutoka Kamina mjini. Majirani karibu wote walikuwa Wakatoliki. Hata mimi nilibatizwa, kabla baba yangu, fundi wa reli, hajaoa mara ya pili na kutuhamishia upande wa kibla. Darasa letu lilikuwa banda la matofali mabichi, wanafunzi kumi na wawili. Wazee wanne waliunda komite ya kulinda maadili ya vijana. Kazi ngumu, maana vijana walishinda shambani. Wenye nafasi ya kutenda dhambi walikuwa wazee wenyewe.

Mwezi ule tulisoma habari ya ukweli. Niliandika ubaoni: Muislamu hasemi uongo hata kwa mzaha. Prezida wa komite alipita, akayasoma, akasema ni maneno mazuri sana. Juma lililofuata akaniletea habari kwamba mgeni anakuja kutoka Lubumbashi, anagawa vitabu kwa madrasa za vijijini.

"Nimemwambia tuko na batoto makumi ine," akasema, yaani arobaini.

"Papa prezida, tuko na kumi na mbili."

"Weye mwalimu unahesabu na macho. Hesabu na imani."

Basi asubuhi ya ugeni imani ilizunguka kijiji kizima ikikusanya watoto. Wake wa wazee walikwisha kushona kofia kutoka mashuka ya zamani. Kila mtoto aliahidiwa chai na mkate. Katekista, mwalimu wa dini wa Wakatoliki na jirani mwema, alituazima watano wake, akaomba tu warudi kabla ya rozari. Nami, mwalimu wa ukweli, niliwapanga mistari: wetu mbele, wa kuazima nyuma.

Mgeni alikuwa mzee mpole mwenye miwani. Aliomba mmoja asimame aeleze somo. Nikamchagua msichana wa miaka kumi na mitatu, aliyehifadhi sura nyingi kuliko mimi. Akasoma aya za ukweli bila kukosea.

"Na ile inatufundisha nini?" mgeni akauliza.

"Kusema kweli, hata kama inatuumiza." Akanitazama mimi, kisha prezida. "Papa, siye tuko kumi na mbili tu. Bale bengine bamekuya juu ya mukate."

Mtoto mmoja wa katekista, akidhani zamu yake imefika, akafanya ishara ya msalaba.

Mgeni alicheka mpaka akavua miwani. Hakusema neno la lawama. Alikunywa chai, akaaga, akaondoka.

Jioni ile komite ikakutana. Kosa lilipatikana upesi: msichana amekosa adabu mbele ya mgeni. Asimamishwe majuma mawili. Nikapewa karatasi nimsomee, nikaisoma kwa sauti nzuri ya mwalimu.

"Mwalimu, nilisema bongo?" akaniuliza.

"Hapana, hukusema uongo. Lakini heshima..." Sikujua sentensi ile inaishaje, na sijui mpaka leo.

Majuma mawili yakapita, hakurudi. Ndipo vitabu vikafika: kumi na viwili kamili. Prezida alilalamika wiki nzima juu ya ubahili wa watu wa Lubumbashi, kisha akagawa kumi na kimoja. Cha mwisho akakiweka nyumbani kwake, eti kwa usalama. Siku aliyokwenda msibani Luena, nilimwambia mkewe nahitaji kitabu cha darasa, nikakitia kwenye mfuko wa baiskeli.

Nilimkuta msichana akitwanga sombe, majani ya muhogo, pamoja na bibi yake. Alinawa mikono, akakipokea, akakifungua ukurasa wa kwanza. Kisha akakifunga.

"Papa prezida anajua umekileta?"

"Atajua baadaye."

Akanirudishia. "Umwambie kwanza, mwalimu. Miye niko hapa."

Bibi, aliyevaa rozari shingoni, hakuinua macho kutoka kwenye kinu, ila mabega yalimtikisika kwa kicheko.

Nilimngojea prezida mlangoni mwake siku mbili. Nilipomwambia, alikasirika, akauliza ni nani aliyenifundisha ujeuri ule. Nikamtajia mwanafunzi wangu. Kitabu nilimpelekea msichana kesho yake, na Alhamisi akarudi darasani, akakaa mbele.