Mguu wa Kushoto

Wiki ile tulikuwa tunafyeka nyasi za ngoro, mashimo yetu ya kilimo cha mlimani. Tunazilaza shambani kwa miraba zikauke, kisha tunazifukia kwa udongo na kupanda maharage. Mbwa wetu alishinda amelala juu ya nyasi hizo. Ndipo akaanza kulamba mguu wa mbele, asubuhi mpaka jioni, hata manyoya yakanyonyoka na ngozi ikawa nyekundu.

Mama mkwe, tunayeishi naye hapa Mkumbi, hakutaka maelezo. "Mate yote hayo, unangoja nini? Hicho ni kichaa. Humu ndani kuna watoto."

Mume wangu akaamua: ikifika Jumapili hajapona, auawe.

Nilidhani amekanyaga dawa ya kahawa, nikamwosha kwa sabuni. Nikampaka pilipili, akapiga chafya, akaendelea kulamba. Nikamfunga mguu kwa kipande cha kanga.

"Umemvalisha vizuri," mama mkwe akacheka. "Bado viatu."

Ijumaa nikampigia simu bwana mifugo. Alifika kwa bodaboda, akamwamkia mama mkwe, na kabla hajafungua begi akaniuliza, "Analamba miguu yote?"

Siku tano nzima sikuwa nimejiuliza hilo. "Mmoja tu. Wa kushoto."

"Anakula? Anakunywa maji? Alichanjwa kichaa?"

"Ndiyo, yote."

"Basi mama, tuanzie pale anapotuonyesha."

Tulimfunga mdomo kwa ile kanga, nikamshika kichwa. Bwana mifugo akatenganisha vidole. Katikati palikuwa na kivimbe chenye tundu dogo. Akavuta taratibu kwa kibanio, ikatoka mbegu ya nyasi, ncha yake kali kama sindano, vinyweleo vyake vimeelekea nyuma. Mbegu ya namna hiyo huingia tu, hairudi.

Mama mkwe aliinama kuitazama kiganjani mwangu. "Kumbe maskini alikuwa anajitoa mwiba," akasema polepole. "Sisi tunampaka pilipili."

"Nani, mama? Sisi?" nikamjibu, tukacheka wote.

Tangu hapo, mbwa akilamba kupita kiasi siulizi kwanza ana ugonjwa gani. Nauliza analamba wapi, tangu lini, na siku hizo tulikuwa tunafanya nini. Tukitoka shambani namkagua vidole.

Nilimwosha kidonda kama nilivyoelekezwa, na kulamba kukapungua. Jumapili ile tuliporudi kanisani, mama mkwe alimtupia mfupa.

"Haya," akamwambia, "lamba kitu cha maana."