Kadi Iliyongoja Kikao

Sijapata kuona watu wazima wakikiogopa kipande cha bati kama wakubwa wa ofisi yetu walivyoiogopa kadi ile. Ilikuwa nyembamba, ya kuchomekwa ubavuni mwa kompyuta ya kubeba, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuipa mashine ile kuukuu tundu la kuunganishia waya wa phonie, redio kubwa ya ofisi, ili barua zipite hewani kutoka Kalemie hadi kwa wenzetu wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na kutoka kule ziende kokote duniani. Tundu la asili la kompyuta lilikuwa limekufa zamani. Bila kadi, hakuna barua. Mtoto wa shule ya msingi angelielewa hilo kwa kuambiwa mara moja. Chef wetu, mkuu wa ofisi, aliyetundika diploma zake ukutani juu ya kichwa chake ili usizikose, aliambiwa mara nyingi zaidi.

Ofisi yetu iligawa dawa kwenye zahanati za kando ya ziwa. Mimi nilikuwa mwendesha phonie, na kwa sababu nilisoma kidogo mambo ya mashine, kompyuta ile ya msaada ilipofika nikakabidhiwa.

Nilikuwa na sababu yangu ya kuitaka ifanye kazi, na sikuificha. Mke wangu alikuwa Lubumbashi. Alipanda treni kwenda kujifungua kwao, kwa kuwa ilikuwa mimba ya kwanza, na haukupita muda vita ikaikata nchi: sisi tukabaki upande wa waasi, yeye upande wa serikali. Kulitaja jina la Lubumbashi kwenye phonie kulitosha kukulaza cachot, mahabusu yao. Na kwetu jina la mtoto hutolewa na baba. Mama anaweza kulijua, lakini likitoka kinywani mwake wazee hawalipokei. Pale stesheni nilikuwa nimemnong'oneza majina mawili, la kiume na la kike, nikamwambia kwamba nitalitangaza mwenyewe nikishajua nani amekuja. Vita ilipoanza, nikampa mfanyabiashara wa dagaa barua apitishe Kigoma na Zambia: andikeni kwa anwani hii, ujumbe wenu utaningoja Kigoma, mashine yetu ikiamka nitausoma na nitatoa jina. Barua hiyo ilifika. Nyingine nilizotuma baadaye, sijui zilifungiwa dagaa wa nani.

Basi kazi ilikuwa hii. Kila kompyuta ina kiini, ambacho mafundi wetu hukiita noyau, ile sehemu inayojua kuongea na vyuma. Kiini tulicholetewa hakikuijua kadi yetu. Niliichomeka, ikakaa pale kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha. Dawa yake ni kukitengeneza kiini upya. Mashine inakuuliza swali baada ya swali: nikijue chuma hiki? Na hiki? Unajibu, kisha unaiacha ijipike mchana kutwa. Ni kazi ya mtu mmoja, asubuhi moja.

Nilikuwa nimeshaanza Chef alipopita nyuma yangu akaona maswali.

"Iko inauliza nani?" alisema.

"Inaniuliza mimi, Chef."

"Wewe njo nani hapa, hata ikuulize wewe?"

Mambo yakaharibika papo hapo. Wakati ule kila kitu kilihitaji ruhusa, hata kuhamisha kabati, na Chef aliipenda ruhusa kuliko mshahara. Aliitisha kikao. Kompyuta ikawekwa katikati ya meza juu ya kitambaa cha kufuma. Upande mmoja aliketi Chef, upande wa pili muntu wa sekirite, yaani wa usalama, ambaye wakubwa wapya walimpachika ofisini kwetu atusikilize, na ambaye kazi pekee niliyowahi kumwona akiimaliza ni kutafuna karanga. Mimi nilisoma maswali kwa Kiingereza, nikayatafsiri, nao wakaamua. Walijadili kama mashine yetu ijue kuongea na vyuma ambavyo hatukuwa navyo na hatungekuwa navyo mpaka kiama. Walibishana asubuhi nzima juu ya kifaa cha kuchezea michezo. Penye wengi pana mengi, wanasema wahenga, lakini hawakusema kwamba mengi hayo yaweza yote kuwa upuuzi.

Tulipofika kwenye kadi, muntu wa sekirite aliweka karanga chini.

"Hii karte inaingia na inatoka, na mashine iko inawaka?"

"Ndiyo, Papa."

"Muntu anaweza kuichomoa, anaitia mu mufuko, anaenda nayo?"

"Anaweza. Ndivyo ilivyotengenezwa."

"Basi hapana. Hiyo njo kazi ya ba-espion."

Nilieleza kwamba kadi si chombo cha kijasusi. Nilieleza tena, taratibu, kama unavyomweleza mtu anayeweweseka kwa homa. Katika kueleza huko Chef akaona kwamba mbele ya kila swali, pamoja na herufi ya ndiyo na ya hapana, kuna ya tatu, M, akauliza ni ya nini. Nikamwambia: ukijibu ndiyo, ujuzi wa chuma hicho unaingia ndani ya kiini moja kwa moja. Ukijibu hapana, unaachwa. Ukijibu M, unatengenezwa lakini unawekwa pembeni, kwenye diski, uje kuitwa ukihitajika.

Uso wa Chef uliangaza. Maisha yake yote alikuwa akilitafuta jibu lisilo ndiyo wala hapana, na sasa limeletwa mpaka mezani kwake, limeandikwa tayari.

"Kumbe iko jibu ya katikati! Weka M kwa yote."

"Chef, kwa kadi ni sawa. Kwa diski, hapana. Diski lazima iwe ndiyo. Kiini kisipoijua diski, kitavifuata wapi vile vitu vilivyowekwa kwenye diski? Ni kuufungia ufunguo ndani ya nyumba."

"Papa, usitufundishe. Tukisema ndiyo, kesho batauliza nani alisema ndiyo."

Waliandika M kwa yote, wakatia sahihi. Mashine ikajipika, nikaiwasha mbele yao, ikafanya kile nilichosema itafanya: ikaitafuta diski, isiijue, ikaandika kwamba imeingiwa na hofu, ikasimama. Ndivyo inavyoandika kweli, neno la hofu. Muntu wa sekirite alitaka kujua inaogopa nini. Nilitamani sana kumjibu.

Kiini cha zamani nilikuwa nimekihifadhi. Ningekirudisha kabla chai haijapoa. Lakini Chef alikuwa ameshatamka neno sabotage, yaani hujuma, akaifungia kompyuta kabatini pamoja na kitambaa chake mpaka uchunguzi uishe, na ufunguo akautia mfukoni. Kila nilipomuuliza alinijibu, "Dosye iko inatembea." Faili hilo halikutembea hata kutoka meza hadi dirisha. Mimba nayo haingoji kikao. Nilihesabu miezi ya mke wangu nikimwangalia mtu huyo akipangusa diploma zake, nikamchukia kwa utulivu, kama mtu anavyofanya kazi ya kila siku. Muda wake wa kujifungua ulifika, ukapita. Mahali fulani nilikuwa na mtoto, naye hakuwa na jina.

Hawakuzinduliwa na akili. Kigoma walisema kwenye phonie kwamba hesabu za dawa sasa ziende kwa mashine, la sivyo mashua haitapakia kitu. Siku hiyohiyo Chef aliibeba kompyuta mwenyewe mpaka kwangu.

"Fanya, Papa, haraka. Juu ya nini unatuchelewesha?"

Nilirudisha kiini cha zamani, nikajibu maswali peke yangu, diski ndiyo, kadi M, nikaiacha ijipike. Kesho yake nilisukuma kadi mahali pake na kompyuta ikalia mara mbili, tii, tii, ndiyo namna yake ya kusema imeitambua. Miezi mingi yote ile, kwa milio miwili.

Walikuja kushuhudia, bila shaka, na muntu wa sekirite akadai asome yeye kila kitakachoingia. Barua ziliteremka kwa mpangilio zilivyoandikwa. Alisoma polepole, akifuata mistari kwa kidole. Ya kwanza ilikuwa ya shemeji yangu: "Mutoto amezaliwa, mwanaume. Mama yake iko muzima. Tunangoja jina." Nilicheka kwa sauti, nikamshika Chef bega, hata yeye. Ya pili: "Tunangoja bado. Wazee banauliza. Tunamuita Bebe tu." Ya tatu haikuandikwa kwangu, bali kwa wakubwa wa ofisi. "Kwa wakubwa wa biro. Bantu ba Kabalo balituambia shemeji alikufa. Tumemupa mutoto jina yake. Tunaomba mutuambie alizikwa wapi."

Kwetu baba akiwa hai, mwanawe hapewi jina lake. Wakwe zangu walilijua hilo vizuri.

"Pole yao," Chef alisema. "Huyu alikufa njo nani?"

"Ni mimi, Chef."

Alinitazama, kisha akamtazama muntu wa sekirite, ambaye alikuwa amekwisha kuona ujumbe umetoka mji gani. "Hii iko inatoka kwa adui," alisema huyo wa sekirite. Na Chef, mbele ya maiti aliyesimama, alifanya kitu pekee alichokijua duniani. "Tukae kwanza," alisema. "Tuone kama tunaweza kubajibu."

Niliwaambia neno ambalo sitaliandika hapa kwa sababu mama yangu anasoma. Nikavuta kompyuta, nikaandika kwamba niko hai, nikatuma, huku yule bwana wa karanga akinivuta kola. Walinilaza cachot kwa hilo, na sikujuta.

Nilipotoka jibu lilikuwa limefika. Shemeji aliandika: "Bantu banatucheza na kufa kwa muntu. Kama ni wewe kweli, andika jina ya mwanaume ile ulimuambia dada pa gare." Nililiandika, lile nililomnong'oneza mke wangu stesheni. Jina nililolilinda nije kulitangaza mbele ya wazee nimesimama, lilitoka mara hiyo moja, ili wakwe waamini kwamba sijafa. Waliamini. Mtoto alikuwa ameshazoea kuitika jina langu.