Damu Yangu Ndiyo Imemfukuza Mke wa Watu

Admin, nifiche jina, na wa Musoma mtakaonitambua mninyamazie. Mimi ni dada wa miaka 31, napima dawa na sumu kwenye damu katika maabara ya binafsi hapa mjini. Damu tunaichanganya na kimiminika kinachoivuta dawa, tunakausha, halafu mashine inasoma kiasi. Ila kwanza lazima uionyeshe damu safi isiyo na dawa, ijue sifuri ni ipi. Hiyo damu safi nilikuwaga najitoa mwenyewe, wenzangu wanaogopa sindano.

Mwezi uliopita nilienda Bunda kumsaidia mama shamba la pamba. Nikapuliza dawa ya wadudu mikono mitupu, kama tulivyozoea tangu utoto. Kurudi kazini nikajitoa damu kama kawaida. Haikunijia hata akilini.

Siku hiyo ililetwa damu ya baba mmoja mkulima, amelazwa, anatapika na kutetemeka. Mke wake alisubiri kwenye benchi mpaka jioni. Nikamwambia hakuna dawa ya shamba kwenye damu yake. Akaniuliza, "Dada, una uhakika? Alipuliza pamba juzi, akala bila kunawa." Nikamjibu kwa nyodo, maana nilikuwa nimechoka, "Mama, mashine haikisii." Akasema asante, akaomba namba yangu.

Mume alipona nusunusu. Lakini ndugu zake waliposikia siyo dawa ya shamba, wakasema basi mke kamroga. Wakamfukuza akarudi kijijini kwao Buswahili, watoto watatu wakabaki kwa bibi yao. Alinipigia analia, "Dada, hukuona kitu? Hata kidogo?"

Hapo ndipo nilipokumbuka shamba la mama. Damu ya yule baba ilikuwa imebaki kwenye friza, nikaipima upya kwa kulinganisha na ya mlinzi wetu. Dawa ipo, tena nyingi. Nikapima na yangu ya siku ile, nayo inayo. Kumbe nilikuwa nimeifundisha mashine kwamba sumu ndiyo sifuri. Nilikaa sakafuni nikalia, nikajiona mchawi ni mimi.

Nilimwambia bosi. Akafunga mlango, akasema, "Ukilitoa hilo nje tunafungiwa, na wewe ndiye wa kwanza kwenda nyumbani. Ndoa za watu tuwaachie wenyewe." Na mama yangu ananitegemea mimi tu, hata hiyo dawa ya pamba namnunuliaga mimi.

Sasa Jumamosi hii wazee wanakaa, upande wa mke wanarudisha ng'ombe za mahari. Zikishatoka zizini ndoa imekwisha, na wale watoto hatapewa tena. Jana amenitumia ujumbe, "Dada, nimemwachia Mungu. Nakushukuru wewe, ndiye pekee uliyenisikiliza." Nimeusoma mara nyingi.

Najua wengi mtasema nikaseme ukweli, na mkinitukana mna haki. Ila nishaurini: niende kwa wale wazee nikiwa na majibu mapya mkononi, kazi iende? Na yeye, kabla hajanishukuru tena, nianze kumwambiaje?