Bi Ukucha na Nyuso za Nyuma ya Tamthilia

Muuguzi amesimama mlangoni, kinywa kimefunguka kidogo, macho yamemwelekea mgonjwa wake. Hasemi neno. Hawezi kusema, kwa sababu mwanamke aliyekaa mbele ya kompyuta amemsimamisha kwa kidole.

Anabofya. Muuguzi anapepesa. Anabofya tena, anamrudisha nyuma kidogo, kisha anainamisha kichwa kama mpishi anayeonja chumvi.

"Hapa," anasema. "Hapa bado hajatamka. Mtu akishatamka, uso wake umeshamaliza kazi."

Ni asubuhi na duka ndiyo kwanza linafunguliwa. Ukutani kuna pazia la buluu la kupigia picha za pasipoti. Pembeni, mashine ya kurudufu inakohoa kila inapowashwa. Hiyo ndiyo kazi inayolipa pango. Huyu muuguzi ni kazi ya moyo.

Muuguzi ni mhusika wa tamthilia ya televisheni iliyokwisha miaka mingi iliyopita, ila mashabiki wake wamegoma kuizika. Wana kundi lao la simu, na kila mmoja anataka sura ya mhusika ampendaye ikae kando ya jina lake. Kwenye simu, kijipicha hicho hakizidi ukucha. Ndiyo maana anayevitengeneza wamempa jina la Bi Ukucha.

Ana msimamo wake, na hauyumbi. Hataki maandishi juu ya picha. "Maandishi ni kelele." Hataki wapenzi wawili waliobanwa ndani ya kopa. Hataki picha ya rangi igeuzwe nyeusi na nyeupe ili ionekane ya huzuni. "Kama uso hauna huzuni, kuufuta rangi hakutausaidia. Huko ni kumpaka mtu majivu ukasema amefiwa."

Yeye hukata karibu: jicho, shavu, mwanga kidogo. Mashabiki wengine humnunia. Mmoja aliomba vimetameta, akanyimwa, akaenda kwa fundi mwingine. Alirudi baada ya wiki akidai vile vimetameta vimemfanya muuguzi afanane na keki.

Jicho hilo alilipata nyumbani. Mama yake aliugua, akapoteza usikivu, binti akiwa bado shuleni. Tamthilia ikianza, binti alikuwa akikaa ubavuni mwake akimweleza kwa mikono na midomo nani kasema nini.

"Baadaye mama akanipita," anasema akicheka. "Ananifinya, ananiambia, huyu sasa hivi atadanganya. Na kweli, anadanganya! Nikaanza na mimi kuangalia nyuso kabla ya maneno."

Mwaka jana aliingia mteja ambaye hakuwa shabiki wa mtu yeyote maarufu. Alikuwa dereva mstaafu, shati limepigwa pasi, amefuatana na binti yake. Bi Ukucha alimwamkia, akamvutia kiti, akidhani amekuja kwa picha ya pasipoti.

"Marahaba, mwanangu," alisema mzee. "Nimeambiwa unatoa watu kwenye televisheni. Namtaka mke wangu."

Mkewe alikuwa mshonaji. Miaka ile tamthilia ikirekodiwa, waandaaji walipita mtaani wakitafuta watu wa kupita nyuma ya waigizaji. Mama huyo alivaa gauni lake zuri, akaenda kusimama sokoni, nyuma ya muuguzi.

"Aliambiwa asiangalie kamera," mzee alisema. "Mke wangu na kuambiwa! Akaiangalia."

Mkewe alifariki miaka miwili kabla ya mzee kuja dukani. Muda mfupi baada ya msiba, mafuriko yaliingia nyumbani yakachukua sanduku lenye albamu. Mzee hakubaki na sura ya mkewe popote, isipokuwa sokoni, nyuma ya muuguzi.

Walikipata kipindi chenyewe. Mama alionekana kwa muda wa kuvuta pumzi, kisha kichwa cha muuguzi kikamfunika. Na pale alipotazama kamera, alikuwa anageuka, hivyo uso ulikuwa umefifia. Bi Ukucha alipoivuta picha, ikapasuka ikawa viraka.

"Niachieni," aliwaambia. "Nitamtoa."

Alimpitisha kwenye programu inayosafisha sura. Ikanyoosha ngozi, ikachora nyusi, ikajaza meno palipokuwa na ukungu. Kisha akamkata kwa mtindo wake: karibu, jicho na shavu. Anakiri alijisifu moyoni. Aliwaita.

Mzee aliishika simu kwa mikono miwili. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Ni mzuri, mwanangu," alisema kwa upole. "Huyu ni mzuri sana. Lakini si yeye."

Bi Ukucha anasimulia hili akiwa ameinamia kibodi. "Angenifokea ningepata nafuu. Alinishukuru. Akatoka taratibu kama mtu aliyefiwa mara ya pili, na aliyemfisha mkewe ni mimi."

Siku iliyofuata alikirudia kile kipindi bila programu yoyote. Aliacha kuutafuta uso, akamtazama mama mzima: uzito wote mguu mmoja, kiwiko kimeegemea meza ya muuza nguo, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alikwenda kuigiza na futi yake shingoni!

Basi akavunja sheria yake. Hakukata karibu. Alimwacha na meza, na kiwiko, na futi, na ukungu wake usoni. Akapunguza tu ukali wa jua na kurudisha wekundu wa gauni.

Safari hii aliwafuata mwenyewe. Walimpokea sebuleni, binti akiwa amesimama nyuma ya kiti cha baba yake. Mzee aliinamia picha. Binti akaziba mdomo.

"Baba, ona anavyosimama. Ona ule mguu!"

"Hivyo hivyo," mzee alisema. "Hivyo ndivyo alivyokuwa ananisubiri nikichelewa. Hapo nimeshakwisha. Hapo nilikuwa natafuta uongo wa kusema."

Wakacheka wote watatu huku wakifuta macho. Kisha binti, kwa aibu, akauliza kama kijipicha chake kinaweza kuwekewa waridi pembeni, na neno "Mama" chini.

Bi Ukucha alimeza mate. Waridi! Na maandishi!

"Nikasema nitaweka," anakumbuka. "Nikaweka mawili, moja kila upande. Sikuyapenda, na leo pia siyapendi. Ila yule dada alitabasamu hadi nikaona kumbe mama yake alimwachia lile tabasamu. Mtindo wangu ni wangu, lakini mama ni wake."

Hakuwatoza chochote. Mzee alimlipa kwa namna yake: kila apitapo barabarani hunyanyua simu juu kumwonyesha kwamba mama bado yupo.

Tangu hapo Bi Ukucha ana mpango. Anataka kuipitia tamthilia yote, tangu kipindi cha kwanza, akiwatafuta wale waliopita nyuma: mpanga foleni, muuza nguo, mpiga pasi dirishani. Majina yao hayakuandikwa mwishoni. Anataka kumkata kila mmoja kwa namna anayostahili na kuwapa jamaa zao bure. "Waigizaji wana picha za kutosha," anasema. "Hawa wengine huenda wana hii moja tu."

Wiki hii ametuma tangazo kwenye kundi la mashabiki, akiomba anayemtambua ndugu au jirani yake ajitokeze. Ameambatanisha sura kadhaa za majaribio, mojawapo ya mwanamke anayevuka ua wa hospitali na ndoo kichwani.

Simu inalia akiwa bado anaongea. Anasoma ujumbe, anaangua kicheko, kisha anaugeuza uonekane.

"Huyo wa ndoo ni mimi," umeandikwa. "Niko hai, mzima wa afya. Naomba changu sasa hivi, msinisubiri nife. Na ile ndoo msiikate, ilikuwa mpya."