Tulimpeleka mzee "hill station" Karagwe ili akubali kuuza kibanja. Tulichokipata tulikistahili

Wakuu, poleni na majukumu.

Haya nimeyaona kwa macho yangu na mengine nimeyafanya kwa mikono yangu. Sijaongeza chumvi. Pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga, kwa hiyo msihangaike kunitukana mapema, subirini mfike huko.

Kwetu ni Kaisho, wilaya ya Kyerwa. Mama alifariki, tukamzika kibanjani kama ilivyo desturi yetu. Kwa wasiojua, kibanja ni lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Ndani yake mnalima, mnaishi na mnazikana. Babu yupo humo, bibi yupo, na sasa mama.

Mzee akabaki peke yake. Ana presha, na mguu wa kulia unamsumbua. Dada yangu Koku anaishi Dar, mimi nina duka la vifaa vya ujenzi Mwanza. Koku akaja na mpango: tuuze kibanja, mzee ahamie kwake Dar. Mnunuzi ameshapatikana. Kilichobaki ni mzee kusema ndiyo.

Nikaona ni wazo zuri. Nasema ukweli, niliona ni wazo zuri kwa sababu lilikuwa linaniondolea mimi kazi.

Tatizo ni kwamba mzee huwezi kumwambia jambo kama hilo sebuleni kwake. Atakutazama mpaka usahau ulichokuja kusema. Ndipo Koku akasema tumpeleke mahali pazuri kwanza, apumzike, moyo ulainike, halafu tumwambie.

Mahali penyewe ni ile rest house ya zamani ya mkoloni, juu kilimani upande wa Karagwe. Siku hizi imepakwa rangi na wanaiita hill station. Jina lake silitaji, sitaki kesi.

Tukatoka Kaisho asubuhi, tukapita Nkwenda, tukafika Omurushaka tumejaa vumbi hadi kwenye kope. Mzee kavaa koti lake la kanisani na kofia. Njia nzima hakuuliza tunaenda kufanya nini. Hilo peke yake lilitakiwa kutushtua.

Wakuu, pale juu ni mbwembwe tupu.

Getini unapewa kitambaa cha moto cha kufutia uso. Mzee akakichukua, akakikunja vizuri, akamrudishia mwenyewe. Kisha wakaleta kitu wanakiita "coffee experience". Ni zile kahawa zetu za kutafuna, zilizochemshwa na majani na kukaushwa, ambazo kwetu mgeni yeyote anawekewa mkononi kabla hajakaa vizuri. Pale unawekewa punje tano kwenye kisahani cheupe, na mtu anakuelekeza ufumbe macho uvute harufu.

Mzee hakufumba macho. Alimtazama yule mtu kama anavyomtazama mbuzi aliyeingia jikoni.

Halafu akaja guide, baba mzima mwenye shati la kitenge na kipaza sauti kidogo shingoni, wakati sisi wasikilizaji tulikuwa watatu. Akatupigia domo la historia. Wazungu walipanda hapa kukimbia joto. Wazungu walipenda ukungu wa asubuhi. Wazungu walicheza karata kwenye baraza hii. Ungedhani kabla ya hapo kilima kilikuwa stoo.

Ukutani kuna picha za zamani. Mzee akavaa miwani, akazipitia moja moja, taratibu, mpaka guide akaanza kutazama saa. Kwenye picha moja wazungu wanne wamekaa na majina yao yote yameandikwa chini. Mbwa wao naye ana jina. Nyuma yao wamesimama watu kumi na kitu na mizigo kichwani. Hao wameandikwa "wenyeji".

Mzee akatuambia baba yake alikuwa akipanda huku na mikungu ya ndizi kichwani. Anaishia mlango wa jikoni, anashusha, anageuka. Alikuwa akizitazama zile sura akimtafuta. Hakumpata.

Hapo mtu mwenye akili angefunga safari akarudi nyumbani. Sisi tukaenda view point.

View point ni uwanja wa nyasi zilizokatwa vizuri, na katikati wamesimamisha fremu kubwa ya mbao ili mtu apige picha na mabonde nyuma yake. Koku akajipanga, akacheka, nikampiga picha. Guide akaendelea na somo lake, akasema zamani pale palikuwa kibanja cha familia moja ya wenyeji, wazee walipobaki peke yao watoto wakauza, ndipo hoteli ikapata nafasi ya kupanua bustani.

Alilisema hilo kwa furaha kabisa. Mimi na Koku hatukuangaliana.

Mzee akamuuliza, "Na makaburi yao?"

Guide akasema, "Yalisawazishwa mzee. Yalikuwa ya zamani tu."

"Yalikuwa upande gani?"

Guide akaonyesha kwa mkono, ovyo ovyo, kuzunguka pale pale tuliposimama.

Mzee akavua kofia. Akatoka kwenye nyasi kwa hatua fupi fupi, anachagua pa kukanyaga, na ule mguu wake mbovu, mpaka akafika kwenye njia ya changarawe. Akasimama huko. Hakurudi tena juu ya zile nyasi, hata guide alipomwita aje kwenye fremu.

Koku aliifuta ile picha. Nilimwona akiifuta.

Chakula cha mchana mzee hakugusa. Tulipomwonyesha chumba chake akasema atalala kwenye gari. Koku akaanza kulia, mimi nikaanza kumlaumu Koku, tukawa tunagombana kwa kunong'ona mbele ya mhudumu aliyeshika taulo zilizokunjwa umbo la bata. Nikajiona bure kabisa.

Ng'ambo ya bonde, ukishika njia ya kuelekea Kimuli, kuna masista wana nyumba ya mafungo. Nikapiga simu, wakasema vyumba vipo. Mzee ni Mlutheri wa miaka yote, nikadhani atagoma. Akasema twende, Wakatoliki angalau wanazika.

Sasa msidhani nataka kuwasifia masista. Kitanda kilikuwa chembamba, nikigeuka naukuta ukuta. Mtandao hakuna. Saa kumi na moja alfajiri kengele inagongwa kama kijiji kinaungua. Chakula ni ndizi na maharage, kesho yake maharage na ndizi.

Lakini sista mzee aliyetupokea alimwamkia baba kwa Kinyambo, akamtilia kahawa kiganjani, akaenda zake. Hakuna aliyeambiwa afumbe macho. Mzee akatafuna, na jioni ile akala sahani nzima.

Asubuhi nilimkuta nje. Kando ya kanisa dogo kuna makaburi ya masista waliotangulia, misalaba ya saruji yenye majina ya rangi nyeusi. Yule sista alikuwa anang'oa magugu, na mzee kasimama anamsomea majina kwa sauti, anakosea ya Kilatini makusudi ili amchekeshe.

Koku akaona mzee anacheka, akadhani ndiyo nafasi yenyewe. Tukakaa kwenye benchi, akamwaga yote. Presha. Mguu. Hospitali ziko karibu Dar. Chumba kipo tayari. Kisha mnunuzi.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Akasema alijua tangu tulipomwalika, maana sisi wawili huwa hata simu hatupigiani.

Halafu akasema, "Sawa. Uzeni."

Wakuu, nilishusha pumzi. Aibu yangu hiyo, niandikieni.

"Ila mama yenu simwachi pale wampandie nyasi. Mtamfukua. Na siyo vibarua, nyinyi. Koku utashika jembe, na wewe utashika jembe. Mimi nitakaa kwenye kiti niwatazame."

Koku akasema, "Taata, usiseme hivyo."

"Nimekosea wapi? Kibanja si mnauza? Au mlidhani mnauza migomba peke yake?"

Hakupandisha sauti. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Nilijaribu kujiona nimeshika jembe juu ya mama yangu, nikashindwa kufika hata kwenye pigo la kwanza. Koku alilia tena, safari hii sikumlaumu.

Nikanyanyuka, nikapanda mlima mdogo kutafuta mtandao, nikampigia mnunuzi nikamwambia biashara haipo. Alinitukana vizuri tu.

Kwa hiyo somo, kama mnataka somo: ukitaka kumwambia mzazi jambo gumu, mwambie nyumbani kwake, kwenye kiti chake, ukiwa umekaa chini yake. Ukimpeleka kwanza kwenye hoteli yenye taulo za bata, unamdharau na anajua unamdharau.

Na wale wenye hill station, nawaombea ukungu wao uwatoshe.

Ila tatizo lilikuwa bado liko pale pale. Presha ya mzee haikupona kwa sababu sisi tumepata aibu, na Koku alikuwa sahihi kwamba siku moja ataanguka hakuna mtu. Koku ana kazi na watoto wa shule. Mimi sina kisingizio zaidi ya duka.

Wiki ya tatu hii niko Kaisho. Dukani kasimama shemeji. Asubuhi nampima mzee presha, mchana ananipeleka kibanjani kung'oa maotea, yale machipukizi yanayoota kwenye shina la mgomba, na kukata majani makavu, naye kiti chake kinahamishwa nyuma yangu mgomba kwa mgomba. Kila jani nikikata, nimekata vibaya. Jana alisema ilikuwa afe mapema aniachie kibanja, lakini kwa mkono huu itabidi avumilie miaka mingine kumi.

Wakulima wa migomba mliomo humu, karibuni chini mniambie otea lipi linaachwa na lipi linang'olewa. Msinionee huruma. Nijibuni kabla ya saa tatu asubuhi, maana hapo ndipo anaanza kuniita.